Mwambie Mtoto Kwa Nini

Mwalimu wa darasa la awali akimuuliza mtoto wa miaka mitano kwa nini jana hakuonekana, anaweza kupata jibu la namna mbili. Mmoja atasema, "Mvua." Mwingine atasema, "Mama alinikataza nisije kwa sababu mto ulikuwa umejaa." Wote wawili wanakijua kilichotokea, na huenda wanatoka nyumba zinazotazamana pale Didia, Shinyanga, wazazi wao wakilima mpunga na pamba na kwenda mnadani siku ileile. Hakuna aliyemzidi mwenzake akili. Ila yule wa pili amekwisha kuzoea kuliunganisha jambo na sababu yake, na kumtaja aliyesema pamoja na alichosema, yote kwa pumzi moja. Mazoea hayo hayaoti yenyewe kama meno. Yanatokana na mazungumzo, na tena si mazungumzo ya kila aina. Hoja ya makala haya ni hii: mtoto hujifunza sentensi ndefu pale anapopewa sababu na pale anapotakiwa kutoa sababu. Nyumba yenye amri tupu kutwa nzima humlea mtoto mwepesi wa kutii, lakini haimpi nafasi ya kujenga usemi wake. Nyumba inayotia sababu ndani ya amri humpa vyote viwili, bila gharama ya shilingi hata moja.

Waliopita sekondari wanakumbuka somo la sentensi changamano, ile yenye kishazi kisichoweza kusimama peke yake. Ubaoni somo hilo huonekana gumu, lakini mtoto wa kwetu huanza kulifanyia kazi akiwa bado anavuta kamba ya mbuzi. Kiswahili humtaka aifanye kazi kubwa ndani ya kitenzi chenyewe: "ukimaliza", "aliyeniita", "ningeanguka", "tusichelewe". Silabi moja tu, ki, hugeuza habari ikawa sharti. Mwanaisimu Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wadogo wa Nairobi wanaokua na Kiswahili, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba karibu na umri wa miaka miwili watoto mara nyingi huviangusha viambishi vya nafsi na vya wakati, wakabaki na sehemu ya mwisho ya kitenzi. Ndiyo maana wa miaka miwili husema "taka maji" na kila mtu akamwelewa. Baadaye viambishi hujaa mahali pake, zikaja "nataka kwenda" na "nataka kula", ambapo kitendo kimoja kimebebwa na kingine. Holger Diessel, aliyefuatilia sentensi changamano za watoto wa Kiingereza katika kitabu chake cha 2004, aliona vivyo hivyo: mlango wa kwanza ni kutaka, halafu sentensi hurefuka polepole hadi kubeba sababu, masharti na maelezo ya nani alifanya nini. Kipindi cha miaka miwili hadi mitano ndicho chenye ujenzi mwingi, na katika kipindi hicho mwalimu wa mtoto ni yule anayeshinda naye.

Tujue kwanza kwamba watoto hawangojei kuwa wakubwa ndipo waweze yaliyo magumu. Katherine Demuth alirekodi watoto wadogo huko Lesotho, wanaosema Kisotho, lugha ya Kibantu iliyo ndugu ya Kisukuma na Kiswahili. Mwaka 1989 alichapisha matokeo yaliyowashtua wataalamu wengi wa wakati huo: watoto hao waliitumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, ilhali iliaminika kwamba kauli hiyo ni nzito na huja kwa kuchelewa. Maelezo yake yalikuwa mepesi. Katika Kisotho, anayetaka kujua nani amefanya jambo mara nyingi huuliza kwa namna ya "limefanywa na nani?" Wazazi walikuwa wakiwauliza watoto hivyo kila siku, basi watoto wakajibu kwa kauli hiyohiyo. Swali la mzazi ndilo lililofungua njia. Huko Marekani nako, Lois Hood na Lois Bloom waliwafuatilia watoto wanane wa kati ya miaka miwili na mitatu na nusu, na mwaka 1979 wakaeleza jinsi watoto wanavyoanza kusema sababu. Hawakuanza na sababu za jua kuchomoza wala za mawe kuzama. Walianza na mambo yaliyo mikononi mwao muda huohuo: nataka hiki kwa sababu hii, sitaki kile kwa sababu ile. Mtoto hujifunza kueleza sababu pale anapokuwa na haja nayo, na haja hiyo huzaliwa katika shughuli za nyumbani.

Hapo msomaji makini atauliza kama si suala la damu tu. Mzazi msemaji huzaa mtoto msemaji, kwa hiyo mazungumzo yanasifiwa kwa kazi isiyo yao. Swali hilo ni la haki na lina jibu. Janellen Huttenlocher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2002 utafiti uliokuwa na sehemu mbili. Kwanza waliona kwamba wazazi waliotumia sentensi changamano kwa wingi walikuwa na watoto waliozitumia kwa wingi. Hapo damu bado ingeweza kudai sehemu yake. Kisha wakaenda kwenye madarasa ya watoto wadogo, ambako mwalimu na mtoto hawana undugu. Watoto waliofundishwa na walimu waliozitumia zaidi sentensi za aina hiyo walipiga hatua kubwa zaidi katika kuzielewa mwaka ulipokwisha. Utafiti mwingine, wa Rachel Romeo na wenzake wa mwaka 2018, uliwahusu watoto 36 wa miaka minne hadi sita waliorekodiwa nyumbani kwao na kupimwa ubongo wakisikiliza hadithi. Kilichohusiana na kazi ya eneo la lugha ubongoni hakikuwa wingi wa maneno waliyoyasikia, bali idadi ya zamu: mtu mzima anasema, mtoto anajibu, mtu mzima anarudisha. Mzazi anayehutubia peke yake saa nzima anaweza kuzidiwa na bibi mwenye maneno machache anayejua kuuliza na kungoja.

Tuangalie jambo hilo kwa karibu, kwa kazi inayojulikana katika kila kaya ya Shinyanga: kukata viazi vitamu na kuanika michembe. Mama amekaa na kisu, mtoto wa miaka mitatu yuko pembeni. Mtoto anasema, "Mama, michembe." Mama mwenye haraka atajibu, "Ee, usiguse." Mazungumzo yamekwisha. Mwingine atasema, "Ee, michembe tuliyoikata jana. Usiiguse, maana ukiigusa kwa mikono michafu itaharibika." Katika jibu hilo mtoto amesikia kishazi cha "tuliyoikata", amesikia sharti la "ukiigusa" na sababu ya katazo. Kisha mama anauliza, "Sasa tukiiacha nje mvua ikanyesha, itakuwaje?" Ananyamaza, anaendelea kukata. Mtoto anajibu, "Italowa." Mama anamwongezea, "Ndiyo, italowa, na ikilowa itaota ukungu, ndiyo maana tunaiingiza ndani." Hakumkosoa na hakumwambia arudie. Amelichukua neno lake, amelirefusha, amemrudishia. Kesho mtoto akimwona jirani anaanika zake, huenda akasema mwenyewe, "Mvua ikinyesha italowa." Mazungumzo hayo yamechukua chini ya dakika moja na kisu hakikusimama.

Kutokana na mfano huo tunapata kanuni chache za kufuata. Amri isitoke bila sababu yake: badala ya "toka hapo", sema "toka hapo, chungu kina maji ya moto, kikipinduka utaungua." Mtoto akisema neno moja, lichukue ulirefushe kidogo tu, hatua moja mbele ya alipo, si hatua kumi. Maswali yanayojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" yapunguzwe, yaongezwe ya "kwa nini", "ingekuwaje", "nani alikuambia" na "baadaye ikawaje". Ukiuliza, ngoja. Mtoto wa miaka mitatu huhitaji muda wa kulipanga jibu, na mtu mzima anayemjibia amemnyang'anya zamu yake. La mwisho, zungumzeni habari za visivyokuwapo mbele ya macho: ya jana, ya kesho, ya shangazi aliyeko Kahama. Kilichopo mbele yenu kinaweza kuonyeshwa kwa kidole, lakini ng'ombe aliyepotea juzi na akaonekana kwa jirani hawezi kusimuliwa ila kwa sentensi zilizoshikana.

Mila zetu zina nyenzo mbili zinazofanya kazi hii kuliko kitabu chochote cha dukani. Ya kwanza ni kumtuma mtoto. Mtoto wa miaka minne au mitano anayetumwa kwa jirani hubeba maneno ya mtu mwingine, na kubeba maneno ya mtu ndiko kunakomfundisha kusema "amesema kwamba". Ila wengi wetu tunamtuma kwa kifupi: "Nenda kalete ungo." Mtume kwa maneno kamili: "Nenda kamwambie mama mdogo kwamba ungo wetu umetoboka, na kama anao wa pili tunaomba atuazime mpaka jioni. Akisema hana, muulize ni nani anao." Kabla hajaondoka mwambie, "Utasemaje?" Asikilizwe. Akirudi aulizwe, "Amesemaje?" Njia moja ya kwenda na kurudi imempa masharti, sababu na usemi wa taarifa. Nyenzo ya pili ni mafumbo na hadithi. Msukuma akisema "Kalagu!" anajibiwa "Kize!", na kwa Kiswahili tunasema "Kitendawili!" na "Tega!" Kitendawili ni maelezo ya kitu bila kukitaja, nayo humlazimisha mtoto kufikiri kitu ambacho kiko hivi lakini si vile. Mtoto akishindwa na kutoa mji, aelezwe kwa nini jibu liko hivyo, maana maelezo yale ndiyo yenye manufaa makubwa. Wazee walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo vijana walisikiliza na kuulizwa. Moto ule umezimika katika nyumba nyingi, lakini muda wa kungoja ugali uive bado upo.

Pingamizi la kwanza ni la muda, nalo ni zito. Mama anayeponda mawe kwenye mwalo wa dhahabu tangu asubuhi, au anayepika chakula cha wachimbaji, hana saa ya kukaa na mtoto akiulizana naye mambo ya mvua. Baba yuko machimboni Nyarugusu au Kakola, anarudi duara, yaani shimo la dhahabu, likitoa au fedha zikiisha. Anayeshinda na mtoto ni bibi, au dada wa miaka tisa. Lakini ushauri huu hauongezi kazi mpya, unabadilisha maneno yanayosemwa ndani ya kazi iliyopo. Ushahidi kwamba kaya maskini za vijijini zinaweza kubadilika uko hapahapa Afrika. Huko Senegali, shirika la Tostan liliendesha mafunzo kwa wazazi wa vijiji vya Wawolofu, mahali ambapo desturi haikuwahimiza watu wazima kuzungumza na watoto wachanga. Anne Weber, Anne Fernald na Yatma Diop walichapisha matokeo mwaka 2017: wazazi wa vijiji vilivyopata mafunzo walikaribia kuyafanya maradufu maneno waliyowaambia watoto wao wakicheza nao, na lugha ya watoto hao ikasonga mbele kuliko ya wenzao wa vijiji vingine. Hawakuwa na muda zaidi wala fedha zaidi. Kwa baba aliye machimboni, simu inatosha ikitumiwa vizuri. "Umekula?" huzaa "ndiyo" na kimya. "Nimesikia mbuzi alipotea, hebu nisimulie mlimpataje" huzaa hadithi nzima. Na dada wa miaka tisa afundishwe naye, kwani akizoea kumpa mdogo wake sababu, lugha yake mwenyewe inanolewa.

Pingamizi la pili ni la heshima. Wazee watasema mtoto aliyezoea "kwa nini" atakuwa mbishi, na kwamba mtoto wa Kisukuma hulelewa asikie kwanza. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, maana malezi yenye utii yana faida katika mazingira ya moto, visima, ng'ombe na mashimo ya dhahabu yaliyo wazi. Sara Harkness na Charles Super, waliofanya utafiti kijijini Kokwet kwa Wakipsigis wa Kenya katika miaka ya 1970, walikuta akina mama wakizungumza na watoto kwa amri zaidi kuliko kwa maswali, na kwa akina mama wale mtoto mwerevu alikuwa yule anayetumwa akatenda vizuri. Ila kutoa sababu si kuruhusu ubishi. "Usiende kwenye lile shimo, kingo zake ni laini, ukisimama pale utaanguka" ni amri kamili. Tofauti ni kwamba mtoto aliyepewa sababu anaweza kuihamishia kwenye shimo jingine ambalo mama hakulitaja. Adabu yenyewe, ukiichunguza, inahitaji sentensi ndefu. Mtoto anayejua kusema, "Shikamoo babu, baba amenituma nikuombe radhi kwa sababu hataweza kufika leo," ameonyesha heshima ambayo aliyejifunza kunyamaza tu hawezi kuionyesha.

Pingamizi la tatu linauma zaidi: mbona vizazi vilivyotangulia vilizungumza vizuri bila ushauri wa magazetini? Ni kweli, na utafiti unaliunga mkono kwa sehemu. Marisa Casillas na wenzake, waliorekodi watoto wa Watseltal vijijini kusini mwa Meksiko, walieleza mwaka 2020 kwamba watoto wa chini ya miaka mitatu waliambiwa maneno yaliyowalenga wao kwa muda wa chini ya dakika nne katika kila saa, na bado walianza kutamka na kuunganisha maneno katika umri uleule wa watoto wa kwingineko. Kwa hiyo mzazi asitishwe kwamba mtoto wake atakuwa bubu asipoulizwa maswali. Atazungumza. Lakini hatua zilizopimwa kule ni zile za mwanzo, na kuanza kuunganisha maneno hakulingani na kueleza kisa chenye sababu na masharti kwa mtu asiyekuwapo. Tena watoto wa zamani walikaa katikati ya mazungumzo ya wakubwa mchana kutwa, kwenye shikome, shambani na machungani. Leo mtoto huyohuyo huenda akashinda mbele ya skrini ya simu, nayo humsemesha bila kumsikiliza wala kungoja zamu yake. Isitoshe, akifika darasa la awali na baadaye la kwanza anatakiwa aeleze, asimulie na aelewe maelekezo ya mtu asiyemjua. Mahitaji yameongezeka, na nafasi za kujifunza zimepungua.

Swali linaloulizwa sana katika mkoa wetu ni la lugha: je, mzazi aache Kisukuma ili mtoto asichelewe Kiswahili cha shule? Jibu ni hapana. Azungumze lugha anayoweza kuitolea sababu bila kukwama. Mzazi mwenye Kiswahili cha sokoni tu akilazimisha Kiswahili nyumbani, atajikuta anatoa amri fupi fupi, na mtoto atapoteza sentensi ndefu za Kisukuma bila kupata za Kiswahili. Kisukuma nacho kina namna zake za kusema sababu, sharti na taarifa ya aliyosema mwingine. Mtoto aliyezoea kufikiri "kama ingekuwa hivi, ingetokea vile" kwa Kisukuma anapokutana na -nge- darasani anatafuta tu vazi jipya la wazo analolijua. Nyumba yenye lugha mbili, bibi akisema moja na baba nyingine, ina faida zaidi, mradi kila mmoja azungumze ile anayoimudu.

Lipo pia la afya, nalo lisicheleweshwe kwa kisingizio cha malezi. Mtoto anayezungumzishwa vya kutosha na bado akiwa na miaka miwili haunganishi maneno mawili, au haitikii anapoitwa kwa nyuma, apelekwe kliniki apimwe masikio, na ikibidi apewe rufaa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Usaha wa sikio unaojirudia usizoeleke. Tafiti za Kilifi nchini Kenya zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali hubaki na matatizo ya lugha, kwa hiyo chandarua nacho ni sehemu ya habari hii. Na kwa familia za wachimbaji: zebaki isichomewe nyumbani wala karibu na mjamzito na mtoto, kwa kuwa mvuke wake huudhuru ubongo unaokua, na ubongo ukidhurika maneno ya mzazi hayatatosha.

Serikali ya Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mnamo Desemba 2021, na ndani yake malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali vimewekwa sambamba na afya, lishe na ulinzi. Programu inaweza kuleta vituo na wahudumu wa jamii. Haiwezi kuketi jikoni na mtoto anayeuliza. Basi wewe mzazi, bibi, dada au baba uliye mbali, anza na jambo moja leo: kila utakapomwambia mtoto fanya au usifanye, mwambie na kwa nini, kisha umwulize neno moja na ungoje akujibu.